Luku Moja, Wapangaji Sita

Mwajabu wa Tandika alikuwa mtu wa kucheka kwanza, kusema baadaye. Miaka kumi na minane alipika maharage ya nazi barazani kwa Bi Nunu, mama mwenye nyumba, na wateja wa asubuhi walisikia kicheko chake kabla ya kuiona sufuria. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: moshi wa mkaa, uliomkohoza mpaka akashika mbavu.

Kwa hiyo Yuliana, mtafiti kijana kutoka chuo kikuu, alipomletea jungu la umeme ili alijaribu kwa miezi mitatu, Mwajabu alilipokea kwa vigelegele. Wizara, Yuliana alieleza, ilitaka kujua kwa nini watu wa mjini hawaachi mkaa ilhali umeme wanao. Kazi ya Mwajabu ilikuwa kupika na kuandika daftarini.

Baada ya wiki tatu Yuliana akarudi. Daftari jeupe. Jungu limefunikwa kanga, linang'aa.

"Shikamoo, mama. Limeharibika?"

"Marahaba, mwanangu. Zima kabisa. Nililitumia siku moja, maharage yakaiva mie hata sijamaliza kukuna nazi. Jioni umeme wa luku ukaisha, nyumba nzima ikanigeukia, Mauwa wa chumba cha pili mbele."

Yuliana hakuelewa. Mwajabu akamshika mkono, akamtembeza ukumbini.

"Milango sita hii, mita ya luku moja. Sie tunachanga sawasawa kununua umeme. Basi mwenye jungu ndiye mwizi, hata kama mwenzie ana friji. Mbona hujaliuliza hilo kwenye karatasi yako?"

Kweli, dodoso lilikuwa na maswali hamsini na mawili, na hilo halikuwamo. Yuliana aliona haya, kisha akacheka, akaketi kizingitini na kuliandika palepale kwa maneno ya Mwajabu mwenyewe.

Swali likazunguka Temeke na Kinondoni kwa miezi minne, nyumba kwa nyumba. Majibu yalipokusanywa, wapangaji walikuwa wametaja ugomvi wa luku mara nyingi kuliko bei ya umeme. Ripoti ikaenda wizarani, na siku ya warsha ya kuijadili Yuliana akaja kumchukua Mwajabu.

Alivaa baibui jipya. Mbele ya wakubwa alikaa akizungusha pindo lake, mpaka ofisa mmoja aliposema labda akina mama wanaogopa tu umeme.

"Namwogopa Mauwa wa chumba cha pili, baba, si umeme!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ofisa mwenyewe akavua miwani kufuta machozi. Kisha akamwomba aeleze tangu mwanzo, akawa anaandika.

Mwaka uliofuata, mpango wa wizara wa nishati ya kupikia uliongezwa kifungu: mita ndogo kwa kila chumba cha kupanga, kuanzia mitaa michache ya Temeke kwa majaribio. Nyumba ya Bi Nunu ilikuwamo. Fundi wa mita hajafunga hata begi lake, Mauwa akabisha hodi.

"Da Mwajabu, hilo jungu mfuniko unafungwaje? Na mie nataka langu."

Wakapika pamoja, wakicheka kama mabinti.

Siku hizi Yuliana humletea wanafunzi wake kabla hawajaenda kuuliza maswali mitaani. Mwajabu huwakalisha jamvini, huwapakulia maharage kwa maandazi, na hakuna anayeruhusiwa kutoa kalamu mpaka bakuli lake liwe tupu.