Shukrani za Ijumaa, Zilizoandikwa Jumatatu

Nakumbuka Jumanne moja nikiwa nimelala kwa Senje Rispa, dada wa baba, pale mtaa wa Woodley, nikitazama ukuta. Usicheke, mwanangu, nikikuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka tisa tu, lakini ninyi wa mwaka wa kwanza chuoni mnaniita mzee, basi vumilieni nizeeke vizuri.

Nilikuwa nimeachishwa kazi mjini, katika ofisi yenye lifti mbili na kiburi cha lifti kumi. Nilikuja kwa Senje kwa wikendi moja, nikakaa wiki saba. Kulala nililala, kula ndiko kulikonishinda. Ugali niliuona kama plasta. Nguo zikaanza kunining'inia, na Senje, aliyekuwa muuguzi miaka mingi na haogopi ovyo, akaanza kuogopa. Alinipeleka kliniki, na mshauri wa pale, pamoja na mambo mengine ya maana, akaniagiza niandike kila siku mambo matatu ninayoyashukuru.

Mimi na digrii yangu tukakataa. Nilimuuliza shukrani hupimwa kwa kipimo gani, na kama mtu akipata nafuu, tutajuaje kwamba kilichomponya si kupita kwa siku tu. Alijibu kwa upole kwamba hilo ni swali zuri, ila niandike.

Basi nikafanya tulichofanya sote chuoni na kile kitabu cha mafunzo ya kazini, cha kujaza ulichofanya kila siku. Jumatatu asubuhi nilijaza wiki nzima inayokuja kwa mkupuo mmoja, nikibadilisha kalamu, ya bluu, nyeusi, ya bluu tena, ionekane imeandikwa siku tofauti. Nilishukuru kwa uhai. Nilishukuru kwa hewa. Nilipofika Ijumaa mawazo yaliniishia, nikashukuru kwa mvua.

Kesho yake Senje aliokota daftari kitandani, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Ijumaa kumenyesha," akasema. "Na leo ni Jumanne. Hebu niambie, nguo nianue saa ngapi?"

Nilianza kumweleza kwamba zoezi lenyewe halina ushahidi wa kutosha. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayekataa sindano.

"Kuuliza, uliza," akasema. "Lakini umeandika uongo, halafu unalaumu dawa ambayo hujameza. Na hii ya hewa hata kuku anaweza kuandika. Nitajie mtu. Mtu mmoja aliyekufanyia kitu jana."

Nilifikiri sana. Mwishowe nikasema Mama Atieno, mwenye kibanda cha mboga nje ya geti. Sukuma, ile mboga ya majani, aliyoikata jana sikuila, lakini niliiona kwenye sahani, nyembamba kama nyuzi.

"Haya, toka ukamwambie."

Nilitoka na malapa, nywele zikiwa zimesimama kila upande. Nikamwambia Mama Atieno asante kwa vile anavyokata sukuma. Aliweka kisu chini, akanikagua kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ni wa kanisa gani?"

Nikasema sijatumwa na kanisa.

"Basi ni kura. Unasimamia kiti gani?"

Nilicheka. Kicheko chenyewe kilitoka na mlio mbaya, kama mlango uliokosa mafuta. Alipoamini kwamba sitaki kitu, alichukua tena kisu, akasema kwa sauti ya chini kwamba amekata sukuma pale miaka sita, na wanaomwambia neno ni wa kulalamika tu. Akanisukumia kigoda na fungu la kunde. Tulichambua mpaka mchana, akinisimulia vituko vya wateja wake, jua likinichoma shingo. Niliporudi nyumbani niliomba chakula. Senje alinipakulia, akageukia sinki, akaosha sahani iliyokuwa safi.

Mpaka leo sijui kilichonisaidia ni shukrani, au jua, au kunde. Na kliniki nilirudi, tena mara nyingi, usije ukadhani nilipona kwa mboga. Lakini nasaha yangu, mwanangu, ni hii: usishukuru kwa jumla, na usishukuru mapema ili umalize. Tafuta kitu kidogo cha leo chenye mtu ndani yake, uende ukamwambie mwenyewe, hata akikushuku. Moyo ukikulemea, sema, upelekwe kwa wanaoijua kazi hiyo. Hoji kila kitu, pamoja na haya ninayokuambia, ila jaribu kwanza.

Na Mungu, ambaye mimi naye bado tunajadiliana, akupe usingizi mtamu, hamu ya kula, na watu wa kugundua ukikonda.