Isale la Wino

Wenseslaus Mushi wa Kibosho ni muuza nyama, na wanaomjua juujuu hushangaa mikono ile inayotenganisha paja na kiuno kwa pigo moja la shoka inavyoshika santuri. Huishika ukingoni, kwa viganja, kama padri anavyoinua ostia, na ole wako upumue karibu. Chumba ambacho mkewe Mektrida alikusudia kiwe cha wageni kimejaa santuri hadi dirishani: dansi, rumba, kwaya za zamani, na moja ya hotuba za Kijerumani aliyoiokota misheni, ambayo anaichukia lakini hawezi kuitupa. Wageni hulala sebuleni.

Ni mtu mkali, tusifichane. Mteja akilalamika kuwa mifupa imezidi, huambiwa akatafute ng'ombe asiye na mifupa. Kwenye muziki ndiyo usiseme. Ana kanuni moja tu, naye huitangaza kama amri ya kumi na moja: santuri haihukumiwi mpaka isikilizwe pande zote mbili. Baada ya hapo anahukumu, na kwa kawaida ananyonga.

Binti yake wa pekee, Yuditha, yuko Dar es Salaam, anatengeneza muziki kwa kompyuta. Mwaka jana alipokuja kusalimia aliondoka na santuri moja ndogo bila kuomba. Katika santuri zote alichagua hiyo! Ilikuwa ya bendi ya Moshi mjini iliyokwisha kufa zamani, na Wenseslaus aliipata baada ya kumsumbua Abdulkarim wa Njoro, aliyerithi santuri za baba yake, mpaka Abdulkarim akachoka kujificha. Hajawahi kuona nyingine. Yuditha aliitia kwenye begi katikati ya nguo, na ilipofika Dar ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi katikati.

"Ni bahati mbaya, Baba," alisema kwenye simu.

"Bahati mbaya ndiyo iliyoingia chumbani kwangu ikachukua bila kuomba?"

Akamwambia asikanyage kihamba chake, nyumba na migomba yake, mpaka aombe msamaha. Yuditha akajibu kwamba hawezi kuomba msamaha kwa jambo ambalo hakulikusudia. Basi wakanuniana. Krismasi iliyopita, hata wale waliokwisha kusahau Kichaga walipanda mlima kurudi kwao, lakini Yuditha hakuja. Mektrida aliwapakulia watu nyama na yeye mwenyewe hakula. Mwaka huu alikuwa amesema mapema, bila kupaza sauti, kwamba Krismasi ya pili ya namna ile hataivumilia.

Kisha Desemba hii basi likaleta kifurushi. Ndani mlikuwa na santuri mpya kubwa, imechapwa Ujerumani, na juu ya jalada jina la Yuditha Mushi. Kwenye jalada jeupe hapakuwa na picha ya mtu, palikuwa na mchoro wa jani moja la kijani, refu, lililochongoka. Mektrida aliliona akapiga makofi.

"Isale! Baba Yuditha, mtoto ameleta isale!"

Uchagani, aliyekosa akikuletea jani la isale, lile lile linalopandwa mipakani mwa vihamba, mjadala umekwisha. Unasamehe, hata kama kifuani panafuka moshi. Kulikataa ni kujitafutia laana wewe na kizazi chako. Wenseslaus alilijua hilo kuliko sala ya Baba Yetu, ndiyo maana jasho lilimtoka.

"Hili ni wino," alisema.

"Isale ni isale."

"Isale huletwa na mtu mzima mwenye heshima zake, anakaa, anasema shida iliyomleta. Haliletwi na utingo wa basi!"

Habari ikashuka hadi buchani, maana Mektrida alihakikisha imeshuka. Wateja wakagawanyika. Wengine walisema jani la kuchorwa halina nguvu, wengine wakasema zama zimebadilika, siku hizi hata mahari watu wanatuma kwa simu. Mama mmoja mnene aliyekuja kununua utumbo alimaliza kwa kumwambia: "Wewe si husema pande zote mbili? Umeshaisikiliza?"

Hakuwa ameisikiliza. Ilimuuma kushikwa kwa kanuni yake mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa, aliifuta sindano, akakaa mbele ya spika na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Yuditha aliwahi kumweleza mama yake kwamba muziki huu ni tekno, ila ile ya taratibu, ya kusikiliza umekaa. Wenseslaus alikaa. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Alidhani sindano imekwama, akainuka kuangalia; ilikuwa inakwenda. Baadaye ngoma ikaanza kwa mbali, du, du, du, kama mashine ya kukoboa kahawa unayoisikia ukiwa ng'ambo ya bonde. Haikukaribia na haikuondoka. Hapakuwa na mwimbaji wala gitaa, wala mahali pa mtu kuitikia. Wimbo wa pili ulikuwa upepo. Wa tatu ulikuwa ule wa pili uliovuliwa viatu.

"Huu ni muziki wa kumsubiria daktari!" alifoka. Mektrida alikuwa barazani, akimenya ndizi za supu ya mtori.

Akageuza upande wa pili kwa hasira, kwa sababu kanuni ni kanuni. Hapo ndipo alipokutana na ule mlio. Ti. Kimya. Ti. Kimya. Mkusanyaji yeyote wa santuri anaujua: ni sindano inapita juu ya ufa, mara moja kila mzunguko. Na katikati ya mlio na mlio palikuwa na pumzi ya mtu, anavuta hewa kwa pua kabla ya kupuliza saksofoni. Inarudi, na inarudi tena, imenyooshwa ikawa ndefu, ngoma inatembea chini yake.

Wenseslaus alisimama. Pumzi ile aliijua. Ndiyo iliyofungua santuri yake ndogo, ile ya Abdulkarim. Moyo ukampiga kwa ghadhabu, na ndani ya ghadhabu palikuwa na furaha iliyomkera zaidi ya ghadhabu yenyewe, maana hakutegemea kuisikia pumzi hiyo tena maishani.

Alisubiri mpaka upande ukaisha. Halafu akapiga simu ambayo hakuwa ameipiga tangu ugomvi.

"Shikamoo, Baba," sauti ya Yuditha ilisema kwa woga.

"Umenivunjia santuri, kisha umekwenda kuuza ufa wake! Wimbo wa kwanza ni uvivu. Wa pili na wa tatu ni wimbo mmoja, umemwibia mnunuzi. Ule wa nne ungekuwa na maana kama ngoma isingechelewa hivyo. Na ile pumzi! Nani alikupa ruhusa ya kuchukua pumzi ya marehemu?"

"Santuri yote imeharibika, Baba," alisema Yuditha. "Ufa unakata kila kitu. Pumzi hiyo tu ndiyo inayoingia nzima kati ya mlio na mlio. Ndiyo niliyoweza kuokoa."

Wenseslaus alilivuta jalada karibu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kukaripia ili isije ikadhaniwa nyingine: "Na hili isale?"

"Isale gani?"

"La kwenye jalada!"

"Ooh. Huyo ni mchoraji wa wale Wajerumani walioichapa. Aliliona kwenye picha zangu za nyumbani, akalipenda. Baba, sikulituma kama isale. Nisingekuomba msamaha kwa utani."

"Kumbe hukuomba?"

"Sikuomba."

Barazani kisu cha Mektrida kilikuwa kimeacha kumenya.

"Sasa umeniletea ya nini?"

"Watu wanasikiliza nusu dakika kwenye simu, wanapita," alisema Yuditha. "Nilitaka mmoja aisikilize hadi mwisho, hata kama ataichukia."

Wenseslaus aliligeuza jalada, akaliangalia na upande wa pili. Akajikohoza.

"Nimeichukia," alisema.

"Nimesikia."

"Krismasi unakuja?"

"Isale sileti, Baba."

"Nimekuuliza kama unakuja! Njoo hivyo hivyo. Lakini sijakusamehe."

"Najua. Na mimi sijaomba."

Simu ikakatika, haijulikani nani aliyeikata. Mektrida alikuwa mlangoni, maganda ya ndizi yamemganda mikononi, anauliza kwa macho.

"Anakuja," alisema Wenseslaus. "Kichwa kigumu yule mtoto! Sijui kakirithi kwa nani."

Mektrida alimtazama mumewe, akasonya, akaingia jikoni kulia machozi kwa raha zake.