Tovuti Iliyonifungukia Peke Yangu

Kwa nini tovuti ilinifungukia mimi Moroni, ikamgomea binamu yangu Faouzia kule Mutsamudu? Kisiwa chao kilikuwa kimejitenga na nchi yetu, meli zikawa hazivuki, hivyo bibi yetu aliyeishi huko aliikosa arusi kubwa ya kaka yangu, arusi ambayo kwetu mwanamume huheshimika kwayo. Majirani zake walikuwa wakimsimanga kwa kuikosa. Basi nilitengeneza tovuti kwenye kompyuta yangu ili bibi azione picha za arusi kwa Faouzia. Mchana kutwa nilibadilisha mipangilio, nikaizima seva na kuiwasha. Kwangu picha zote. Kwa Faouzia ukurasa mweupe.

"Wameifunga hao!" nilimfokea Faouzia kwenye simu, mbele ya wajomba sebuleni. "Hata arusi wanaiogopa!" Wajomba wakawalaani waliojitenga.

"Dada, nisomee tena anwani." Nikamsomea. "Hiyo si inaita kompyuta iliyo mbele ya mtu? Hapa inaita hii yangu. Tovuti yako haijatoka mezani pako, msomi wee!"

Simu ilikuwa kwenye spika. Wajomba walicheka hadi machozi.

Miaka mingi baadaye nilijua kwamba bibi alikuwa ameketi kando ya Faouzia, akiutazama ukurasa ule mweupe. Kisha alirudi nyumbani, akawasimulia majirani jinsi bwana arusi alivyopendeza.