Mdundo Chini ya Kitanda

Mama Kalumba alitaka kitanda chake kisogezwe tena. Asubuhi alihamishiwa dirishani, baadaye mlangoni. Sasa alitaka kurudi ukutani, na aligonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda ili wote wasikie.

"Mama infirmière! Kuya! Banachimba tena chini yangu!" Muuguzi, Tshibola, akaja mbio.

Alikuwa peke yake katika wodi ile ya wanawake, katika hospitali ya Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo. Muuguzi mwenzake aliugua, na hakuletwa mwingine. Jua la kiangazi lilipenya vumbi jekundu lililoachwa na malori, vitanda vikaonekana kama vinaelea, naye akielea kati yake, akivutwa na kila sauti: huyu maji, yule sindano, mwingine shuka. Mara nyingine aliitika kabla hajaitwa.

"Mama, mi niko peke yangu," alisema. "Huku chini ni simenti tu."

"Hata kwangu Kasulo kulikuwa simenti."

Tshibola alijua habari za Kasulo. Katika mtaa huo watu walichimba kobalti, madini ya betri, ndani ya nyumba zao, na mashimo yakapita chini ya nyumba za majirani. Mama Kalumba alikuwa mmoja wa majirani hao. Sebule yake ilizama mchana, yeye akiwemo. Ndipo mguu wake ulipovunjika.

Akapiga magoti, akalaza sikio sakafuni. Ubaridi wake ulikuwa mtamu. Akafumba macho, na kelele za wodi zikaenda mbali, kama za watu walio ng'ambo ya mto. Kisha akasikia: du, du, du. Kutoka ndani kabisa.

"Mi pia nasikia, mama."

Mama Kalumba akashusha kikombe polepole. Tangu alazwe, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Tshibola akamwomba Hawa, aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha jirani, awaangalie wagonjwa wengine kidogo. Akamkalisha mama kwenye kiti cha magurudumu, wakaufuata mdundo ule koridoni mpaka nyuma ya chumba cha kufulia. Pale palikuwa na pampu kuukuu ya maji, ikitetemeka juu ya bomba lililozama ardhini. Vipepeo weupe walikuwa wakinywa kwenye tope.

Mama Kalumba akaweka kiganja juu ya pampu. Wakakaa hivyo mpaka Tshibola akasahau alikuwa akikimbilia nini.

"Kumbe ni mayi," mama alisema. "Habachimbi. Ni mayi inapanda."

"Ndiyo, mama. Inapanda."

Waliporudi, mgonjwa mmoja alimtukana Tshibola waziwazi kwa kuwaacha. Tshibola akaomba radhi, akashika sindano zake. Mama Kalumba hakuomba tena kitanda kisogezwe. Alilala mpaka jioni, akaamka akilalamika kwamba bukari, ugali wake wa jioni, imepoa.

Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, binti yake alikuja kumpeleka Kasaji, mashambani, mbali na migodi. Mama akamshika Tshibola mkono.

"Kuya kututembelea, mutoto wangu. Kule hakuna wachimbaji. Chini ya nyumba ni mizizi ya mihogo tu."