Injini Aliyoijua Mama

Wiki iliyopita mwanangu alinionyesha kwenye simu historia ya kiwanda kikongwe cha malori huko Ulaya, ambacho nembo yake niliijua kabla sijajua kusoma. Kilianza kwa kuunda injini za mashine, kikaingia kwenye malori, kikapita vita, kikabadilisha wamiliki, kikaungana na wenzake. Niliisoma yote, ndugu yangu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya darasa la saba. Hatumo. Kijiji chetu cha Mkumbi hakimo, na baba hayumo.

Baba alikuwa na lori la kiwanda hicho. Msimu wa kahawa alibeba magunia kupeleka Mbinga. Msimu ukiisha aliteremka Lituhi kufuata usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa hiyo mashati yake yalinuka kahawa nusu mwaka na samaki nusu mwaka. Injini ilikuwa na sauti nzito, yenye kikohozi kidogo kila baba alipopunguza gia kwenye mteremko wa kanisani. Sisi tuliokuwa tukipalilia mahindi kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, tuliisikia kabla hatujaona vumbi.

Mama akisikia kikohozi kile, aliinjika maji ya ugali. Mpaka lori limalize kona zote na baba apakue mizigo ya watu, ugali ulikuwa umesongwa na sahani inafuka mvuke. Majirani walimtania kwamba ameolewa na injini. Yeye aliwajibu, "Mume wa barabarani hatazamiwi njiani, husikilizwa."

Baba aliugua wakati wa mvua, akafia hospitalini. Lori likanunuliwa na mwenye duka mmoja wa Mbinga, mpole, mwenye asili ya pwani, aliyekuwa amekuja msibani na kanzu yake. Hakulibadilishia njia. Haukupita muda, tukiwa jikoni, injini ikakohoa kanisani. Mama akanyanyuka, akainjika maji. Aliusonga ule ugali, akaupakua, akakaa akiutazama ukipoa.

Ikawa hivyo kila lori lilipopita. Jirani akamnong'oneza dereva mpya, Mnyasa mmoja mtu mzima, habari ya ule ugali, na safari iliyofuata akalisimamisha uani kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa mikono, baba."

Akala. Hakukaa kamwe kwenye kiti cha baba. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akala hata siku ambazo, alituambia baadaye tulipokuwa wakubwa, alikuwa ameshiba. Sisi watoto tulijua kwamba mama anakosea, na tulilipenda kosa lile. Siku za lori tulikula kama nyumba iliyotimia.

Kisha injini ikafa. Kiwanda kilikuwa kimeacha kutengeneza vipuri vyake, na fundi akafunga injini nyingine ya kampuni nyingine. Hatukuambiwa. Alasiri moja mama alikuwa akipepeta maharage, sauti laini ngeni ikashuka mteremko, naye hakuinua kichwa. Lori likasimama uani, bodi lile lile, rangi ile ile. Dereva akasalimia, akasogelea kigoda chake. Jikoni hapakuwa na moto.

Mama alilitazama lori muda mrefu, akaweka ungo chini. Kwenye mazishi ya baba hakuwa ametoa chozi, na watu walimsema sana.

"Mwanangu," alimwambia dereva, "baba wa watoto hawa amefariki."

"Pole sana, mama," alijibu, akavua kofia, kana kwamba habari ndiyo kwanza imemfikia.

Ndipo mama akalia. Majirani waliosikia kilio waliingia uani na mikeka, wakakaa nasi, msiba ukaanza upya.

Mama naye tumeshamzika. Malori yanayoshuka kanisani siku hizi yote yananguruma namna moja, na nikienda nyumbani huyasikiliza kwa makini. Hakuna hata moja linaloniambia kwamba mtu wangu anarudi.