Nyanjige wa Kasoli na Jora Lililochuja

Nyanjige wa Kasoli hakujua kusoma, na jambo hilo lilimwepusha na hasara nyingi. Waliojua kusoma wakiingia dukani kwa Januarius walipokewa kwanza na kibao kilichopigiliwa juu ya meza: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Wakanywea hapohapo. Wakanunua sufuria linalovuja, wakarudi nalo nyumbani kwa adabu kama waliotoka kuungama. Nyanjige alichoona ni ubao wenye michoro na mavi ya nzi. Akauliza bei.

Alikuwa binti wa mzee Ngassa, mtu mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo, na kununua na kuuza alijifunzia zizini. Kwao ng'ombe wa mahari hawapokewi kwa macho ya haya. Upande wa binti wanawafungua midomo, wanawavuta mikia, wanawatukana mbele ya mwenyewe: huyu kipofu, huyu tasa, huyu alizaliwa siku moja na babu. Mwenyewe naye anajibu, na anachosema kinamfunga. Ng'ombe akifa kabla hajazoea zizi jipya, ngozi yake inarudishwa kwa aliyemtoa, naye anatoa mwingine, akinuna au akicheka. Nyanjige alikua akidhani dunia nzima inakwenda hivyo. Kosa lake ni hilo tu, na ndilo tunalolisimulia.

Katikati ya miaka ile ya hamsini pamba ilikubali, na watu wa Kasoli wakaanza kuwa na mahitaji ambayo mwaka uliotangulia hawakuwa nayo. Nyanjige alikuwa kiongozi wa ngoma ya wanawake. Masika yote walikuwa wamelima mashamba ya watu kwa ujira, wakiimba, migongo ikilia, ili wanunue sare ya kushindania na kundi la Felisita wa Lalago. Na mashindano ya ngoma Usukumani hayana majaji wa kukaa kitini. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watazamaji wanahukumu kwa miguu: wanahamia kwenye uhondo. Kundi linaloachwa peke yake linabaki likicheza mbele ya mbuzi.

Benadetha, msaidizi wake, alitaka wakanunue Bariadi. Nyanjige akasema kwa nini kutembea wakati duka liko hapa. Wakaenda kwa Januarius.

Januarius alikuwa mtu mnene wa shati jeupe, kaptula nyeupe na soksi nyeupe. Aliwahi kusomea ukatekista, akashindwa na saumu. Mahubiri lakini yalibaki mdomoni. Akashusha jora jekundu, jekundu la kuumiza macho.

"Hii rangi, haichuji?" Nyanjige akauliza.

"Mayu, mama yangu!" Januarius akashika kifua. "Fua, chemsha, cheza ngoma mpaka usiku, zikwa nayo. Siku ya ufufuo utatoka kaburini mwekundu vilevile."

Wanawake wote walisikia. Wakanunua jora zima.

Siku ya mazoezi jua lilikuwa kali. Walipofika kwenye kile kipande cha ngoma cha kurusha mabega, jasho likaanza kazi yake. Rangi ikashuka shingoni, ikafuata migongo, ikafika visiginoni. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka ng'ombe majini aliona wanawake wanaruka huku wanatiririka damu, akatupa fimbo, akakimbia akipiga yowe kwamba wake za watu wanachinjana. Kitambaa chenyewe kikabaki na rangi ya fizi za mgonjwa.

"Nilisema Bariadi," Benadetha akasema.

"Ulisema miguu inakuuma."

"Nilisema Bariadi halafu nikasema miguu inaniuma. Sikiliza, Nyanjige. Hatuwezi kwenda mbele ya Felisita tukiwa hivi. Ukishindwa kutupatia kitambaa kingine kabla ya mashindano, uongozi unaniachia mimi."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nyanjige akatazama mikono yake iliyolowa wekundu.

"Asioge mtu," akasema.

"Nini?"

"Asioge mtu, wala asijifute! Ng'ombe akifa unampelekea aliyemtoa ngozi. Kesho tunaipeleka."

Asubuhi walifika dukani wekundu kuanzia masikio mpaka nyayo, wakakaa barazani, miguu wameinyoosha. Nyanjige akatandika kile kitambaa mbele ya mlango, kwa heshima, kama anavyolazwa marehemu.

"Mwangaluka, Januarius."

"Mwangaluka, mayu." Januarius akakitazama kitambaa. "Kuna msiba?"

"Upo. Mali yako imetufia. Ngozi hii hapa. Toa nyingine."

Januarius akacheka kicheko cha msomi, akanyoosha kidole juu, akasoma kibao neno kwa neno, taratibu.

"Kizuri," Nyanjige akasema. "Lakini wakati unaniuzia, hicho kibao hakikusema kitu. Aliyesema ni wewe."

"Mayu, hapa ni dukani, si zizini. Ng'ombe ana roho. Kitambaa hakina."

"Ndiyo maana nilishangaa kinavyotoka damu."

Baraza likalipuka. Wateja waliokuja kununua chumvi wakasahau chumvi. Mmoja akauliza kama shuka alilonunua juzi nalo litamfanya hivyo, mwingine akakumbuka ghafla sufuria lake. Januarius akaona biashara inamwagika. Akatuma aitwe mwanangwa Bundala, msimamizi wa kijiji, aje kuwaondoa wanawake hawa barazani kwa jina la sheria.

Hapa yafaa kusema kwamba sheria kweli ilikuwepo. Serikali ilikuwa imeandika zamani kwamba kitu kilichouzwa kwa sifa fulani lazima kiwe na sifa hiyo, na kwamba mnunuzi aliyepewa kinyume anaweza kukikataa. Tatizo dogo ni kwamba iliandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini bomani, ambako mchwa pekee ndio walioipitia ukurasa kwa ukurasa. Bundala hakuijua, nayo haikumjua. Alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akawatazama wanawake wale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Januarius, uliwaambia nini siku ya kuuza?"

"Niliwaambia ni kitambaa kizuri."

"Ufufuo!" wanawake wakaitikia kwa pamoja. "Taja na ufufuo!"

"Nilisema... haichuji," Januarius akakiri. "Na haichuji! Hawa wameiharibu wenyewe. Labda wamepaka mafuta mabaya, labda wamefulia magadi."

Bundala akajikuna kidevu. "Kama asingekuuliza, na wewe ungenyamaza, ningemwambia akayalaumu macho yake. Lakini aliuliza, ukajibu. Sasa wewe unasema haichuji, wao wanasema inachuja. Wao wameshacheza. Zamu yako."

"Zamu yangu ya nini, mwanangwa?"

"Kata kipande kipya, jifunge, ucheze."

Januarius alikataa kwa hoja nyingi, zikiwemo mbili za Kilatini. Lakini kukataa kucheza ni kukiri, na umati ulikuwa umeongezeka. Akakata kipande kutoka kwenye jora jingine la rangi ileile, akajifunga juu ya shati jeupe. Benadetha akapiga debe la mafuta ya taa. Nyanjige akaimba.

Tuseme ukweli: alicheza vizuri. Mwili ule ulikuwa na mabega ambayo ukatekista uliyadhulumu. Jua likapanda, akina mama wakapiga vigelegele, Januarius akasahau kesi, akarusha bega la kulia, akarusha la kushoto, jasho likatoka kama maji ya mtungi uliopasuka. Alipokuja kuona soksi zake, zilikuwa zimeiva.

"Basi," akasema akihema. "Basi. Imechuja."

"Toa ng'ombe mwingine," Bundala akasema, akapanda baiskeli.

Dukani hakukuwa na kitambaa kingine cha kutosha. Januarius akadandia lori la pamba mpaka Bariadi, amebeba majora yake mekundu, kwa mfanyabiashara wa jumla aliyemuuzia. Yule akamnyooshea kidole kibao kilichokuwa ukutani, chenye maneno yaleyale. Januarius, kwa mara ya kwanza maishani, alikisoma akiwa upande wa pili wa meza, akaona jinsi kilivyo na upumbavu.

"Sawa, bwana," akasema, akilifungua shati na kumnyooshea kipande chekundu. "Basi jifunge hiki, ucheze."

Alirudi na kitambaa cha buluu iliyokolea. Nyanjige hakusema asante. Alikata ncha, akaitafuna, akaitema kiganjani, akayatazama mate. Akaichemsha kwenye maji ya majivu. Kisha ndipo akasema, "Huyu mzima."

Siku ya mashindano kundi la Lalago lilianza kwa nguvu, na kwa muda umati ulikuwa wao. Kisha wanawake wa Kasoli wakafika kwenye mabega, buluu ikapanda na kushuka kwa pamoja, na watu wakaanza kuhama, mmoja, wachache, halafu uwanja mzima ukainama upande mmoja kama mtumbwi. Felisita alibaki na mbuzi. Benadetha, akiwa amelowa jasho safi lisilo na rangi, alimnong'oneza Nyanjige: "Endelea wewe tu. Mimi miguu inaniuma."

Januarius naye akabadilika, si kwa toba, kwa woga wa kuchezeshwa. Akawa muuzaji mkweli kupita kiasi, akimwambia kila mwanamume aliyeingia: "Hii sufuria inavuja, ngosha. Hii inavuja kidogo. Chagua." Ajabu ni kwamba watu walizidi kununua.

Felisita alikuja kutoka Lalago kabla ya msimu uliofuata, akaona mabaki ya yale majora mekundu, yale ambayo Bariadi hawakuyapokea.

"Hii inachuja, mayu," Januarius akamwambia.

Felisita akatabasamu. Alijua mbinu za watu wa Kasoli: wanamficha mgeni kilicho kizuri. Akanunua yote.

Haukupita muda akaonekana kwenye njia ya kwa Nyanjige, mwekundu kama pilipili, na kundi lake nyuma, wekundu vilevile. Walikuwa wamesikia kwamba huyu ndiye mtetezi wa wanaodhulumiwa na maduka. Nyanjige alikuwa akipepeta mtama. Hakusimama.

"Uliambiwa inachuja?"

Felisita akatazama chini. "Niliambiwa."

"Basi nendeni mkaoge."