Nyambizi Iliyozamishwa na Shikamoo

Harufu ya viazi karai bado hunirudisha kwenye sebule yetu ya Barani, Malindi, likizo ile ami, mdogo wake baba, alipotuachia kompyuta yake. Jirani alivikaanga karibu na dirisha letu kila alasiri, nasi ndani tuliendesha nyambizi. Kaka yangu Kahindi ndiye nahodha. Mimi, Dama, nilikuwa mlinzi: kazi yangu kukodolea macho anga ya kwenye kioo na kupiga kelele nikiona ndege. Aliniahidi kwamba tukiifikisha bandarini salama, safari inayofuata nahodha ni mimi. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nguo ya sikukuu.

Kahindi alichagua uhalisia kamili, akazima hata kitufe cha kusimamisha mchezo. "Baharini kweli, nani atakusimamishia ndege?" aliniuliza. Watoto wa mtaa wetu, wakija kucheza, walikaa chini ya maji tangu mwanzo hadi mwisho, wakidhani nyambizi ni samaki. Yeye alijua kwamba chini ya maji hujikokota huku betri zikiisha. Mwendo wake ni juu, dizeli ikinguruma na betri zikijaa, mradi mtu aangalie anga na kupiga mbizi kwa wakati. Ndivyo tulivyosafiri likizo nzima, hadi sisi na bandari tukawa pua na mdomo.

Hapo ami akaingia. Kwetu mkubwa haamkiwi ukiwa umeketi, tena umempa kisogo. Tulisimama sote wawili, tukageuka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo? Mama hajambo? Na bibi kule Ganda, mguu wake waendeleaje?"

Tulijibu moja moja, kwa adabu, huku nyuma yetu ndege zikivuma. Nilizisikia. Kugeuka sikuthubutu. Tulipoketi, nyambizi ilikuwa inashuka isirudi, na ami alikuwa amekuja kuchukua kompyuta yake.

"Wewe si mlinzi wewe?" Kahindi alinifokea ami alipotoka. "Umetuzamisha!"

Naye alikuwa amesimama, tena wa kwanza. Heshima ilituzamisha, lawama nikapewa mimi. Dau la mnyonge haliendi joshi. Hata alipopata kompyuta nyingine hakunichezesha tena, na ahadi yake ikafa hapo. Iliniuma, na bado yaniuma.

Siku hizi ninayo kompyuta yangu, hapa Kibarani, Kilifi, na mchezo kama ule. Nahodha ni mimi. Naendesha juu ya maji mchana kweupe. Nikichoka nazisimamisha ndege angani, naenda kukoroga chai. Ami tulimzika. Kahindi yuko Malindi, si mbali, na hatuamkiani. Hakuna anayefungua mlango wangu hata nilazimike kusimama.